SWALI LA "INGALIKUWAJE" KATIKA SOMO LA HISTORIA: MFANO WA RAIS GARFIELD

Utangulizi

Mwanachuo anapokwenda katika shule za jirani kwa mazoezi ya kufundisha, mara nyingi huliandaa somo la Historia kama orodha ya majina na tarehe. Wanafunzi huinakili orodha hiyo kutoka ubaoni, huikariri, na kuirudisha katika mtihani. Hapana ubaya katika kujua tarehe. Ubaya umo katika fikra ambayo mwanafunzi huondoka nayo bila ya mwalimu kutambua, yaani kwamba mambo yaliyotokea hayakuwa na budi kutokea, na kwamba watu wa zamani walikwenda kama maji yanayofuata mfereji uliokwisha kuchimbwa. Mtoto mwenye fikra hiyo hawezi kueleza sababu ya jambo lolote, maana kwake yeye kila jambo lilikwisha kuandikwa.

Njia mojawapo ya kuivunja fikra hiyo ni kuuliza "ingalikuwaje". Lugha yetu imekwisha kutupatia chombo cha kulitungia swali hili. Sarufi hutufundisha kwamba kiambishi -nge- hutumika kwa jambo ambalo bado laweza kutokea, na -ngali- kwa jambo ambalo nafasi yake imekwisha pita. Katika maisha ya kila siku -ngali- ni sauti ya majuto, na ndiyo sababu wahenga walituonya kwamba "ningalijua" huja mwisho. Lakini kwa mwalimu wa Historia -ngali- ni mizani. Mtu akitaka kujua uzito wa mzigo mmoja kati ya mizigo mingi iliyowekwa pamoja, huuondoa huo mmoja na kutazama mizani imeelekea wapi. Sisi nasi tukitaka kujua uzito wa sababu moja, twaiondoa katika fikra zetu na kutazama mambo yangalielekea wapi.

Makala haya yataeleza matumizi ya swali hilo kwa kufuata mfano mmoja: James A. Garfield, Rais wa 20 wa Marekani, ambaye leo hukumbukwa na watu wachache. Je, angaliishi, angalikuwa miongoni mwa marais wakuu wa nchi yake? Nimemchagua kwa sababu tatu. Kwanza, utawala wake ulikuwa mfupi na habari zake zajulikana vizuri. Pili, hapana mmoja wetu mwenye ushabiki juu yake, hivyo twaweza kumpima bila hasira wala upendeleo. Tatu, kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mwalimu.

Hatua ya kwanza: Ilikuwaje?

Hapana awezaye kuuliza "ingalikuwaje" kabla ya kujua "ilikuwaje". Kosa la kwanza la walimu wageni ni kuiruka hatua hii.

Garfield alizaliwa tarehe 19 Novemba, 1831, katika nyumba ya magogo huko Ohio. Baba yake alifariki yeye akiwa hajatimiza miaka miwili, akalelewa na mama yake katika umaskini. Katika ujana wake aliongoza wanyama waliokokota mashua kandokando ya mfereji. Baadaye aliingia katika shule ya mji wa Hiram, akailipia karo yake kwa kufagia majengo na kupiga kengele. Alifundisha huku akisoma, akahitimu Williams College mwaka 1856, na mwaka uliofuata akawa mkuu wa shule ile ile ya Hiram alikokuwa akifagia, hali hata miaka 30 hajatimiza.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipozuka, alipigana upande wa Kaskazini akafikia cheo cha jenerali. Tangu Desemba 1863 hadi 1880 alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Humo ndiye aliyesimamia muswada ulioanzisha Idara ya Elimu ya taifa mwaka 1867. Aliongoza pia kamati ya matumizi ya fedha za serikali. Mwaka 1876 alitoa uthibitisho wake mwenyewe wa kanuni ya Pythagoras kwa kutumia umbo la trapeza, ukachapishwa katika jarida la walimu. Hakuwa malaika. Jina lake lilitajwa katika kashfa ya hisa za kampuni ya Crédit Mobilier, naye akakana kosa. Mwalimu asimfiche mwanafunzi jambo kama hilo, kwa kuwa mtu aliyepakwa rangi moja tu hawezi kupimwa.

Mwaka 1880 chama cha Republican kilishindwa kuchagua kati ya wagombea wake mashuhuri, na katika duru ya 36 ya kura wajumbe wakamwangukia Garfield. Katika uchaguzi wenyewe alipata kura 214 za majimbo dhidi ya 155 za mpinzani wake, Winfield Scott Hancock, ingawa katika kura za wananchi hakumzidi hata kwa kura 10,000.

Aliapishwa tarehe 4 Machi, 1881. Katika hotuba yake ya siku hiyo alisema kwamba kutolewa kwa watu weusi katika utumwa na kupewa haki zote za uraia ndilo badiliko kubwa kuliko yote ya kisiasa tangu Katiba ya 1787, na kwamba hapana daraja ya katikati kati ya utumwa na uraia ulio sawa. Akasema tena kwamba ujinga wa kutojua kusoma katika majimbo ya Kusini ulikuwa hatari kwa taifa zima, na dawa yake ni shule, ambazo ni wajibu wa taifa na wa majimbo kuzigharimia. Haya hayakuwa maneno ya kupamba hotuba. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1880, kati ya kila Wamarekani Weusi 100 waliopita umri wa utoto, kiasi cha 70 hawakujua kusoma na kuandika, nao wengi wao walikuwa wamezaliwa chini ya sheria zilizokataza mtumwa kufundishwa.

Miezi minne tu baadaye, tarehe 2 Julai, 1881, Charles Guiteau, mtu aliyekasirika kwa kunyimwa kazi serikalini, alimpiga Rais risasi katika stesheni ya reli mjini Washington. Garfield aliugua siku 79, akafariki tarehe 19 Septemba. Makamu wake, Chester Arthur, akashika madaraka.

Hatua ya pili: Badili jambo moja, nalo liwe dogo

Sasa mwalimu aulize: ni jambo gani tulibadili ili Garfield aishi? Kanuni ni kwamba badiliko liwe moja, liwe dogo, na liwe limewezekana kwa watu wa wakati ule kwa maarifa yao. Mwanafunzi akisema, "Wangalimpiga picha ya eksirei," amekosea, kwa sababu miali hiyo iligunduliwa mwaka 1895. Akisema, "Risasi ingalimkosa," hajakosea, lakini jibu lake halitufundishi kitu.

Jibu lenye mafunzo limo katika matibabu. Risasi iliingia mgongoni upande wa kulia, ikavunja sehemu ya pingili ya uti wa mgongo bila kukata neva kuu, ikatua upande wa kushoto nyuma ya kongosho. Madaktari waliingiza vidole na vyombo visivyosafishwa ndani ya jeraha mara kwa mara wakiitafuta. Joseph Lister wa Uingereza alikuwa amekwisha kutangaza tangu 1867 njia yake ya kuua vijidudu vya vidonda kwa asidi ya kaboliki, na mwaka 1876 alikwenda Philadelphia akawaeleza madaktari wa Marekani ana kwa ana. Wengi hawakuamini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alileta chombo cha kutambua metali mwilini, lakini D. Willard Bliss, aliyeongoza matibabu, alishikilia kwamba risasi ilikuwa kulia, na huko ndiko kulikopimwa. Maiti ilipopasuliwa, risasi ilionekana kushoto, na mwili ulikuwa umejaa usaha. Madaktari wengi waliozichunguza habari hizi baadaye wameona kwamba lililomwua zaidi ni uchafu ulioingizwa katika jeraha.

Basi badiliko letu ni hili: madaktari wangalinawa mikono na kusafisha vyombo vyao kama Lister alivyofundisha. Mtoto wa darasa la tano aliyefundishwa usafi katika somo la Afya huelewa mara moja, naye hushangaa kwamba jambo dogo kiasi hicho laweza kugeuza mwendo wa nchi. Mshangao huo ndio mwanzo wa kufikiri kihistoria.

Hatua ya tatu: Fuata ushahidi, hatua kwa hatua

Garfield amepona, tuseme, na Oktoba 1881 amerudi kazini. Angalifanya nini? Hapa mwanafunzi hushawishika kumpa Rais matakwa yake yeye mwenyewe. Mwalimu amzuie kwa maswali matatu: Je, mtu huyu alilitaka jambo hilo? Je, aliliweza? Je, wakati ulimruhusu?

Kutaka, alitaka. Hotuba yake yashuhudia, na kazi yake ya 1867 yashuhudia zaidi, kwa kuwa tendo lina uzito kuliko neno. Aidha, katika muda wake mfupi alimteua Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa kisha akawa mtetezi mashuhuri wa watu weusi, kuwa msajili wa hati za ardhi wa jiji kuu.

Kuweza, yaelekea aliweza. Seneta Roscoe Conkling wa New York alikuwa amezoea kuamua nani apewe kazi za serikali katika jimbo lake, hasa katika forodha. Garfield alimteua mtu wa chaguo lake mwenyewe kuiongoza forodha hiyo. Conkling akajiuzulu Mei 1881 kwa kutumaini kwamba jimbo lake lingalimrudisha kwa kishindo. Halikumrudisha. Rais aliyeweza kumshinda mtu mwenye nguvu kiasi hicho hakuwa dhaifu.

Wakati nao ulikuwa na mlango, ingawa mwembamba. Bunge lililokutana tangu Desemba 1881 hadi Machi 1883 lilikuwa na Warepublican wengi kidogo katika Baraza la Wawakilishi, na Seneti iligawanyika karibu nusu kwa nusu. Katika uchaguzi wa 1882 wapinzani wao, Wademokrati, waliliteka Baraza hilo. Hivyo nafasi ya Garfield ingalikuwa ya miezi kumi na mitano hivi.

Angaliitumia kwa jambo gani? Hatulazimiki kubuni, kwa maana jambo lenyewe lilikuwapo. Seneta Henry Blair wa New Hampshire alipigania muswada wa kuyapa majimbo fedha za taifa kwa ajili ya shule, zigawiwe kwa kadiri ya idadi ya watu wasiojua kusoma. Kwa mgawo huo sehemu kubwa ingalikwenda Kusini. Seneti iliupitisha mara tatu, 1884, 1886 na 1888. Ule wa 1884 ulikuwa wa dola milioni 77 kwa miaka minane. Mara zote tatu ulifia katika Baraza la Wawakilishi, na mwaka 1890 Seneti yenyewe ikaukataa. Garfield alikaa katika Baraza hilo miaka 17 na kuijua kila njia yake. Twaweza kusema kwa haki kwamba, angaliishi, msaada wa shule ungalipata mtetezi mkubwa mahali pale pale ulipokwama.

Hatua ya nne: Tafuta vizuizi

Mwalimu asiyefika hatua hii amefundisha hadithi, hakufundisha Historia. Baada ya kumjenga Garfield yatupasa kumjaribu, kama fundi anavyoketi juu ya kiti alichokitengeneza.

Kizuizi cha kwanza ni Arthur. Naye pia, katika ujumbe wake kwa Bunge mwishoni mwa 1881, alipendekeza fedha za taifa zisaidie elimu kwa kufuata idadi ya wasiojua kusoma. Rais alitaka, mlango ulikuwa wazi, na hata hivyo halikutendeka neno. Basi utashi wa Rais peke yake haukutosha. Tofauti iliyobaki kwa Garfield ni ujuzi wake wa Baraza. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini haina uzito wa kutuwezesha kusema "hakika".

Kizuizi cha pili ni mahakama. Mwaka 1883 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitangua sheria ya 1875 iliyokataza ubaguzi katika nyumba za wageni, vyombo vya usafiri na kumbi za maonyesho. Mwanafunzi aweza kusema, "Garfield angaliteua majaji wengine." Vizuri, tuhesabu. Baada ya Garfield kupigwa risasi na kabla ya uamuzi huo, nafasi mbili zilijazwa na Arthur. Uamuzi ulipita kwa majaji 8 dhidi ya 1. Hata wale wawili wangalikuwa wengine na kupiga kura kinyume, ingalikuwa 6 dhidi ya 3. Hesabu ya darasa la pili imekata shauri.

Kizuizi cha tatu ni hali ya Kusini yenyewe. Majeshi ya taifa yaliyokuwa yakizilinda serikali za majimbo huko yalikoma kazi hiyo mwaka 1877, na hapana dalili kwamba Garfield angaliyarudisha. Yeye alitumaini kwamba elimu, kwa mwendo wa polepole, ingaliponya.

Tena kuna gharama. Mwaka 1883 ilipitishwa sheria ya Pendleton, iliyoanza kutoa kazi za serikali kwa mitihani badala ya upendeleo. Kifo cha Garfield mikononi mwa mtafuta kazi ndicho kilichowaamsha wananchi kuidai. Angaliishi, huenda sheria hiyo ingalichelewa. Kila jambo tunalolibadili huvuta jingine nyuma yake, na mwanafunzi aliyeliona hilo hatasahau kwamba tukio moja laweza kuwa hasara na faida kwa wakati mmoja.

Kosa la mnyororo mrefu

Nilipolitumia swali hili mara ya kwanza na wanachuo, mmoja wao aliandika kwamba Garfield angaliishi, shule zingaliondoa ubaguzi, na kwa hiyo Martin Luther King asingalikuwa na haja ya kuandamana miaka ya 1960. Wenzake walimpigia makofi. Nami, kwa kukosa uzoefu, nilimsifu kwa ubunifu wake. Baadaye niliona kwamba nilimpotosha. Kati ya 1881 na 1960 kuna miaka karibu 80, na katika kila mwaka kuna watu ambao nao walichagua la kufanya. Kila pete inayoongezwa katika mnyororo hudhoofisha mnyororo wote. Tangu hapo kanuni yangu ni kwamba wanafunzi wasiende zaidi ya hatua tatu kutoka katika badiliko la kwanza, na kila hatua iandikiwe "bila shaka", "yaelekea" au "labda".

Kuendesha kipindi

Kwa kipindi cha dakika 40 katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, utaratibu ufuatao wafaa. Mwanachuo asilazimike kumtumia Garfield. Na atumie somo lolote lililomo katika muhtasari, maadamu habari zake zajulikana.

1. Dakika 10: Mwalimu asimulie yaliyotokea, na wanafunzi wayarudie kwa maneno yao.

2. Dakika 5: Darasa lichague badiliko moja dogo. Mwalimu akatae mabadiliko ambayo hayakuwezekana wakati ule, na kila mara aeleze sababu ya kukataa.

3. Dakika 15: Wanafunzi wakae katika vikundi vya watano watano, wajaze jedwali la safu tatu lililochorwa ubaoni: "Lililotokea", "Lingalitokea", na "Twajuaje?" Safu ya tatu ndiyo roho ya somo. Sentensi isiyokuwa na kitu katika safu hiyo ifutwe.

4. Dakika 10: Kila kikundi kisome sentensi moja, na kikundi kingine kitafute kizuizi chake.

Katika kusahihisha, kati ya alama 10, alama 4 zitolewe kwa usahihi wa yaliyotokea, 4 kwa ushahidi, na 2 kwa matumizi sahihi ya -ngali-. Utungo mzuri usiokuwa na ushahidi upelekwe katika somo la Kiswahili, ambako utapata haki yake. Aidha mwalimu awaonye wanafunzi wazi wazi kwamba katika mtihani wataulizwa yaliyotokea, wasije wakaandika kwamba Garfield alitawala miaka minane.

Hitimisho

Je, Garfield angalikuwa mkuu? Ushahidi waturuhusu kusema kwamba yaelekea angalikuwa Rais mwenye nguvu, na labda angalipata jina kubwa katika jambo moja, yaani shule za watoto wa watu waliotoka utumwani. Hauturuhusu kusema kwamba angaliondoa ubaguzi. Jibu hilo ni dogo kuliko ndoto tulizoanza nazo, lakini laweza kusimama.

Limebaki jambo moja ambalo mizani yetu imelifichua bila ya kulitafuta. Tumeona kwamba Rais alikufa, kwamba fedha za muswada wa Blair hazikuja, na kwamba mahakama iliwapa watu weusi kisogo. Tungalitazamia basi kwamba watu hao wangalibaki katika ujinga ule ule. Hawakubaki. Wale 70 katika kila 100 wa mwaka 1880 ambao hawakujua kusoma na kuandika walikuwa wamepungua hadi chini ya 45 ilipofika 1900. Walipunguzwa na wazazi waliochanga senti zao, na makanisa yaliyogeuzwa madarasa, na walimu weusi wa vijijini waliofundisha kwa mishahara midogo katika vyumba vilivyovuja. Majina yao hayamo katika orodha yoyote ya marais.

Ndugu mwanachuo, swali la "ingalikuwaje" lisituishie kwa wakubwa waliokufa mapema. Tuligeuzie pia upande wa pili: ingalikuwaje, walimu wale wasingaliingia darasani?